Kabla hujanunua hadithi ya anga ya kusikiliza, muangalie kwanza anayesoma

Watu wengi wakitaka kitabu cha kusikiliza wananunua kama wanavonunua kitabu cha karatasi, wanaangalia mwandishi, wanaangalia nyota, wanalipa. Mi nlienda hivo miaka mingi na ndo maana nina vitabu kama vinne kwenye simu ambavyo sijawahi kuvuka saa ya pili. Hadithi nzuri kabisa ila msomaji anasoma kama taarifa ya habari, roketi imelipuka sauti ileile, mtu kafiwa sauti ileile, mpaka unajikuta umesinzia kwenye mwendokasi umepitiliza kituo. Siku hizi namchagua msimulizi kwanza, kitabu baadae.

Na hii kitu sisi tunaijua toka zamani jamani. Waliokulia kwenye mabanda ya video Bongo wanamkumbuka Lufufu, yule aliyekua anatusimulia muvi za nje kwa Kiswahili, Kenya wana DJ Afro, muvi ni ileile ila bila ile sauti haikua muvi ileile. Tofauti ni kwamba Lufufu alikua na picha inamsaidia, na alikua huru kuongeza ya kwake. Msimulizi wa kitabu hana picha wala haruhusiwi kuongeza neno, anachomiliki ni pumzi, spidi na sauti tu, afu kwenye hadithi za sayansi anapewa mzigo mzito kuliko kwenye hadithi za kawaida. Anakutana na majina ambayo hayapo duniani, anatakiwa ayatamke kama vile kayasikia toka utotoni. Anakutana na kiumbe ambacho hakina mdomo na kinaongea. Anakutana na kurasa nne za hesabu za mafuta na kani ya mvutano, na hapo ndo utamjua, maana aliyeelewa anachosoma mkazo unaangukia kwenye neno lenye maana, ambaye hajaelewa anapita tu kama gari lisilo na breki.

Kwangu mimi msimulizi mzuri ni yule ambaye najua nani anaongea kabla hajafika kwenye "alisema fulani". Na simaanishi kuigiza sana, wanaume wakibana pua ili wawe wanawake wananichosha, inatosha kubadilisha mwendo kidogo na uzito wa sauti. Halafu awe na stamina, kitabu cha saa 16 hakirekodiwi kwa siku moja, so nahodha wa saa ya kwanza awe bado ni nahodha yuleyule saa ya 14.

Sasa namba zangu.

Namba moja bila kufikiria mara mbili ni Project Hail Mary ya Andy Weir, imetoka 2021, anasoma Ray Porter, kama saa 16. Jamaa anaamka kwenye chombo angani hakumbuki hata jina lake, na Porter anakufanya uamke nae, ule mkanganyiko, ile furaha ya mwalimu wa sayansi akigundua kitu. Halafu (asiyetaka kujua chochote aruke hii sentensi) kuna kiumbe kinachoongea kwa sauti za muziki, na kwenye karatasi hapo unaona alama za noti tu lakini kwenye sauti wameweka muziki wenyewe, unakisikia kikiongea, taratibu unaanza kujua leo kina huzuni au kimefurahi. Nlilia kwenye foleni ya Ubungo, kweli kabisa. Kilipata tuzo ya Audie ya kitabu cha sauti cha mwaka 2022 na kilistahili. Nimekisoma pia kwa macho, na ni mara chache sana naweza kusema hivi lakini cha kusikiliza kinakizidi cha karatasi.

Namba mbili Robin Miles, na hapa nampa nafasi msimulizi mwenyewe, sio kitabu. Huyu mama ana koo la ajabu. Anza na Binti ya Nnedi Okorafor, msichana wa Kihimba anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu kwenye sayari nyingine, ni kama saa mbili na nusu tu so unaimaliza Jumapili moja ukifua. Ukishamzoea ingia The Fifth Season ya N.K. Jemisin. Kitabu hiki kina sura zinazosema na wewe, "wewe unafanya hivi, wewe umempoteza mwanao", kwa macho wengi wanaiona ngumu wanaacha, ila Miles anaisoma kama shangazi amekaa pembeni ya kitanda anakusimulia mambo yako mwenyewe uliyoyasahau, na ugumu wote unayeyuka. Trilojia nzima kaisoma yeye, na vitabu vyote vitatu vilishinda Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za sayansi, 2016, 2017 na 2018 mfululizo.

Namba tatu Lagoon, Okorafor tena. Wageni kutoka anga za mbali wanatua baharini Lagos, na wasomaji ni wawili, Adjoa Andoh na Ben Onwukwe. Sababu ya kuiweka juu hivi ni lafudhi. Tumeshazoea mno kusikia Mwafrika kwenye vitabu akisomwa na mtu ambaye hajawahi kukaa na Mwafrika hata siku moja, kila mtu anatoka na lafudhi moja ya ajabu isiyo na nchi. Hapa pijini ya Kinaijeria, kile Kiingereza chao cha mtaani, inatoka kama pijini, mchungaji anasikika mchungaji, vijana wa mtaani wanasikika vijana. Ila nikuonye, kama pijini huisikii kabisa dakika 30 za mwanzo zitakupa shida, vumilia.

Namba nne, mfululizo wa Murderbot wa Martha Wells, anasoma Kevin R. Free. Roboti wa ulinzi amejinasua mwenyewe kutoka kwenye amri za kampuni, na anachotaka ni aachwe aangalie tamthilia zake. Free hajampa sauti ya bati, kampa sauti ya mtu aliyechoka kuangaliwa na watu, na hiyo ndo akili. Kitabu cha kwanza ni zaidi kidogo ya saa tatu.

Namba tano, mfululizo wa The Expanse, anasoma Jefferson Mays, kwa wanaotaka kitu cha kuishi nacho miezi. Vitabu tisa. Mays ni mtulivu, wengine watasema mtulivu mno, ila nenda mpaka kitabu cha pili utaona anavowatenganisha watu wa Mirihi, wa Duniani na wale wa kwenye vimondo bila kelele. Angalizo moja: cha nne, Cibola Burn, mwanzoni kilisomwa na mtu mwingine, Erik Davies, wasikilizaji wakalalamika sana, baadae Mays akakirekodi upya. Ukikutana nacho sehemu hakikisha jina la Mays lipo.

Na hiyo inanileta kwenye The Martian, Weir tena, jamaa kaachwa peke yake Mirihi, ambayo ningeiweka juu sana kama ingekua rahisi kupata ile nnayoitaka. R.C. Bray aliisoma 2013 na watu wakaipenda mno, 2020 ikaja mpya ya Wil Wheaton na ile ya Bray ikatolewa madukani. Wheaton sio mbaya, ni mchangamfu, ila Bray alikua na ule ukavu wa mtu anayekufa njaa na bado anapiga hesabu za viazi. Kitabu kimoja, maneno yaleyale, watu wawili, vitu viwili tofauti kabisa.

Dune naiweka mwisho na najua nitagombana na watu. Ile ya 2007 ya saa 21 hivi ina Simon Vance ambaye ni fundi, lakini kuna sura zinasomwa na kundi zima la waigizaji, afu sura inayofuata anabaki Vance peke yake anafanya sauti zote, so mtu uliyemzoea na sauti moja anarudi na nyingine. Mi ilinikata kila mara. Kama hadithi unaijua tayari utafurahia, kama ndo mara ya kwanza soma kwa macho.

Kuhusu hela. Audible, duka la vitabu vya kusikiliza, mpango wa Premium Plus wa Marekani mwezi ni dola 14.95 na unapewa krediti moja, krediti moja ni kitabu kimoja kiwe cha saa 2 au saa 40, kwahiyo usiichome kwa Binti wala Murderbot, hivyo vifupi lipia hela moja kwa moja mara nyingi inakua chini, krediti weka kwa Hail Mary na Jemisin. Ukijitoa vitabu unabaki navyo ila krediti ambazo hujatumia zinapotea, tumia kwanza ndo ujitoe. Libro.fm, duka jingine, bei ni karibu sawa, na mafaili yake hayana kufuli unaweza kuhamisha kwenye simu yoyote. Ndugu zetu mlioko Marekani, Uingereza au Kanada, kabla ya kulipa chochote kachukueni kadi ya maktaba na muweke Libby, app ya kuazima vitabu vya maktaba kwenye simu, ni bure, foleni ya kusubiri tu. Sisi tusio na hela LibriVox ipo toka 2005, vitabu vya zamani vilivyoisha hakimiliki vinasomwa na watu wa kujitolea, The War of the Worlds ya 1898 ipo humo, ila tafuta toleo lenye msomaji mmoja maana mengine kila sura mtu wake, huyu ana sauti safi, yule kuku wanalia nyuma.

Usisahau bando. Kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 64 saa moja inakula kama MB 29, so Hail Mary ni kama MB 460, shusha nyumbani au usiku. Na kabla hujabonyeza kulipa sikiliza kile kipande cha bure mpaka wafike kwenye mazungumzo ya watu wawili, utangulizi kila mtu anausoma vizuri. Sikilizia kwenye kelele, sio chumbani, maana utakakokua unasikilizia ni kwenye daladala. Angalia pia kama ni kitabu kizima au kimefupishwa, na msimulizi awe mtu mwenye jina, siku hizi kuna vinavyosomwa na mashine na kwa hadithi za anga mi bado sivitaki, sauti inanyooka lakini haijui kinachotisha ni kipi.

Ninachokingoja mimi ni cha kwetu. Walenisi, riwaya ya Kiswahili ya Katama Mkangi ya 1995, ina chombo cha angani, ina Dzombo aliyehukumiwa, ina dunia nyingine kabisa ndani yake. Nikiisoma nasikia kabisa inavotakiwa isikike, mtu wa pwani, sauti nzito, asiwe na haraka. Siku ikitoka hivo nanunua mbili, yangu na ya mama.