Nilivyofungua difu ya Hilux nyumbani Malindi: seti ya beringi na sili

Hilux yangu ilianza kulia baada ya mvua za El Niño za 2023. Nilikuwa nimevuka maji mara kadhaa njia ya Garsen nikifuata mzigo, na kila mara difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu, ilikuwa ya moto. Difu ya moto ikizama ghafla kwenye maji, hewa iliyo ndani hunywea, na kama tundu la kupumulia limeziba kwa matope, difu huvuta kupitia kwenye sili, ile mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, na maji huingia hapo hapo. Nilipofungua bolti ya chini mafuta yalitoka meupe kama tui.

Fundi mmoja wa mjini alitaka tununue difu nzima ya mtumba. Ami yangu, aliyeendesha malori ya chumvi Gongoni kwa miaka mingi, akanikataza. "Mwanangu, difu ya mtumba hujui imelia kwa nani kabla yako. Angalia kwanza krauni na pinioni. Meno yakiwa mazima, badilisha beringi." Krauni ni gia kubwa ya duara, na pinioni ni ile ndogo inayoizungusha; meno yake yalikuwa mazima. Beringi ya pinioni ndiyo iliyokuwa imeliwa, ina vishimo mzunguko mzima.

Nikaagiza seti kutoka Mombasa, Sh14,500 pamoja na nauli ya basi. Ndani mlikuwa na beringi mbili za pinioni, mbili za pembeni, sili, nati mpya, shimu kadhaa (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi), kopo dogo la rangi ya kupaka meno, na silivu inayobonyea, ile inayokaa kati ya beringi mbili za pinioni. Beringi nimeridhika nazo kabisa: zilikuja zimefungwa vizuri, namba zake zilifanana na zile zilizochongwa kwenye za zamani, na ziliingia bila kulegea. Ukiagiza, usitaje jina la gari tu. Soma namba hizo, kwa sababu Hilux za miaka tofauti hazina difu moja.

Kutoa kichwa cha difu ni kazi ya nguvu zaidi kuliko akili: mwaga mafuta, fungua propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka mbele, vuta shafti za magurudumu, kishikwe na watu wawili maana ni kizito. Kabla ya kulegeza vile vifuniko viwili vya beringi za pembeni nilivigonga nukta, moja kushoto, mbili kulia. Vilichongwa pamoja na kichwa chenyewe, havibadilishani. Beringi za zamani nilizitolea kwenye presi ya mafundi wa kuchomelea. Shimu ya pinioni niliirudisha ile ile, kwa kuwa meno hayakubadilika.

Kazi yenyewe ni mkazo wa pinioni, yaani jinsi beringi zake zinavyobanwa. Nati inakazwa mpaka silivu ianze kubonyea, na hapo nilihitaji spana ndefu niliyoiongeza kwa bomba la mita moja. Beringi mpya zinataka nguvu ya kilo 1 hadi 1.6 kuizungusha pinioni, ukivuta sentimita 10 kutoka katikati. Sina kipimo cha gereji. Nilifunga ubapa wa chuma kwenye flanji, pale propela inapofungwa kwenye pinioni, nikatoboa tundu sentimita 10 kutoka katikati, nikavuta kwa mizani ya kuning'iniza ya jirani yangu anayeuza samaki. Inasoma gramu, na kwa kazi hii inatosha.

Mara ya kwanza niliharakisha. Mizani ilikuwa inasoma gramu 700, nikavuta bomba mara moja kubwa, ikasoma kilo 2.4. Silivu ikishabonyea kupita kiasi hairudi. Ukilegeza nati mkazo unapotea wote. Na seti ina silivu moja tu. Hili ndilo kosa kubwa la walioipanga, kwa sababu anayefanya kazi hii mara ya kwanza ataharibu moja. Nilingoja siku tatu basi liniletee nyingine, gari likiwa juu ya mawe. Ya pili niliikaza kidogo kidogo, nazungusha, napima, nakaza tena, mpaka kilo 1.3. Ilinichukua saa nzima.

Mchezo wa meno, ile nafasi ndogo kati ya krauni na pinioni, niliupima kwa geji yenye uso wa saa, nikauacha milimita 0.15, kitabu cha gari kinataka 0.13 hadi 0.18. Kisha nikapaka rangi meno kadhaa na kuzungusha huku na huku. Alama ikatokea katikati ya jino, ndivyo inavyotakiwa. Ami aliinama kuitazama muda mrefu, akasema, "Funga."

Nilitia mafuta ya gia ya SAE 90, daraja la GL-5, nikaendesha taratibu bila mzigo hadi Mambrui na kurudi, nikagusa difu kwa mkono: vuguvugu tu. Baada ya kilomita 800 nikamwaga na kutia mapya. Mlio umekwisha.

Seti naipendekeza kwa mwenye subira na mahali pa kivuli, mradi uagize silivu mbili tangu mwanzo. Tundu la kupumulia nimeliunganisha na mpira mrefu nikaupandisha mpaka juu karibu na tangi. Wiki jana nimerudi Marereni na mzigo wa nazi, nikafungua bolti ya juu kuchungulia, na mafuta bado yana rangi ya asali.