Kitenge kinatoa nyuzi ukishona viraka? Nimejaribu kichupa cha gundi, mkasi wa meno, wanga na mkunjo

Haya jamani, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi, karibuni tena mezani kwangu. Leo sishoni nguo, leo naongelea mifarishi, yale mablanketi ya viraka, na kitu chenyewe ni kimoja tu ambacho kimenisumbua karibu mwaka mzima, nyuzi. Unakata kipande chako vizuri, umepima inchi 5 kwa inchi 5, unakiweka pembeni ukate kingine, ukirudi unakuta kingo zimeshaota ndevu. Ukivuta uzi mmoja unakuja na mwenzake, mpaka ile inchi 5 inakuwa nne na kitu, alafu unakaa kwenye cherehani kona hazikutani na hujui umekosea wapi.

Mimi nilijifunza kwa machungu. Mfarishi wangu wa kwanza nilimshonea mtoto wa dada yangu, viraka vya vitenge nikachanganya na satini maana nilitaka ung'ae, na kwa kweli ulipendeza. Ukafuliwa mara ya kwanza salama, mara ya pili salama, mara ya tatu dada ananitumia picha, mshono umeachia katikati, shimo vidole viwili vinapita. Yule mtoto alikuwa analalia ule mfarishi kila siku. Sikulala vizuri siku ile, na ndo nikaanza kutafuta nini hasa kinazuia hizi nyuzi.

Vitu vyote mnavyoviona hapa nimenunua kwa hela yangu, hakuna duka lililonipa kitu.

Sasa kabla sijaonyesha, elewa kwanza kwa nini kinafumuka, maana ukielewa hilo hutanunua kila unachoambiwa. Kitenge na khanga vimefumwa, kuna mtande unaoenda na urefu na kuna mshindio unaokatiza, moja juu moja chini, hakuna fundo popote. Uzi wa katikati unashikwa na majirani zake pande zote, ila ule wa pembeni kabisa pale ulipopitisha mkasi umebaki na jirani upande mmoja tu, kwaiyo ukiusugua unatoka, na ukitoka anayefuata naye anabaki hana mtu. Ndo maana tisheti ya pamba ukiikata haifumuki hivi, ile imefumwa kwa vitanzi. Ndo maana pia ukikata mshazari nyuzi hazitoki sana, lakini mshazari unavutika, kiraka cha mraba kitapinda chote, bora nyuzi kuliko hilo.

Kingine ambacho watu wengi hawakijui, kitenge kipya kutoka dukani kina ule ugumu wake, ile dawa waliyoipaka kiwandani, na kikiwa kigumu hivyo hakitoi nyuzi sana. Ukikifua mara moja ugumu umeondoka, kinalainika, nyuzi zinaachiana. Kwaiyo mtu anakwambia "mbona changu hakifumuki", muulize kwanza ameshakifua?

Nilichofanya, nimechukua kitenge kimoja, nilikinunua Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo, pamba tupu, nikakifua, nikakata viraka vya inchi 5 vingi, kila kundi nikalifanyia kitu chake, alafu nikafua kwenye beseni kwa mkono, sabuni ya unga, nikifikicha kama tunavyofikicha mashuka kweli, sio kuchovya. Mara tatu.

Hiki hapa hakijafanyiwa kitu, nasogeza simu muone. Ona hii kona. Upande huu nyuzi zimetoka mpaka karibu nusu sentimita, na sisi mshono wa viraka tunaachia robo inchi tu, yaani milimita sita na kidogo. Sasa hesabu mwenyewe imebaki nini kati ya mshono na hewa. Na hapa chini nyuzi zimejisokota zimekuwa kamba, ukizivuta zinavuta na kitambaa kinafinyana.

Tuanze na kichupa. Jina siwatajii, ziko kampuni kadhaa na kazi yake ni ileile, ni maji maji kama gundi nyepesi, unapaka ukingoni, inakauka, nyuzi zinagandana. Inazuia, siwezi kusema uongo, kiraka hiki hapa hakijatoa hata uzi mmoja. Lakini shika uone, ah, hamuwezi kushika, sikilizeni basi nikikikunja, mnasikia huo mlio? Kimekuwa kama plastiki. Mfarishi una viraka mia na zaidi, kila kimoja pande nne, kichupa chenyewe kidogo tu, utanunua vingapi? Na hapa kwenye njano kimeacha doa, pameiva kuliko pengine, kwaiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Chenye spiriti ndani kinashika moto, usipake karibu na jiko na usipige pasi kabla hakijakauka kabisa. Mimi nakiweka kwa kazi moja, unaposhona ua la kubandika lenye ncha kali au umekata pembe ya ndani mpaka karibu na mshono, tone moja pale kwa kijiti cha meno. Basi. Kwa mfarishi mzima wa mtoto hapana, ngozi ya mtoto itakwaruzika.

Mtaniuliza rangi ya kucha ile isiyo na rangi. Inafanya kazi hiyohiyo na inakuwa ngumu zaidi, alafu kuna vitambaa vya asiteti vinavyong'aa kama hariri, dawa iliyomo kwenye rangi ya kucha inaviyeyusha, unabaki na tundu. Achana nayo.

Na kuchoma kwa mshumaa je, kama tunavyochoma ncha za ribeni? Ribeni ni poliesta, inayeyuka inajifunga yenyewe. Kitenge cha pamba hakiyeyuki, kinaungua kinakuwa majivu. Usijaribu.

Mkasi wa meno. Huu hapa, mzito kweli, bei yake kwangu ilikuwa kama ya yadi tano za kitenge kwaiyo nilifikiria sana. Unakata zigizaga, na watu wanadhani zile zigizaga zinazuia uzi usitoke, hapana, uzi unatoka ila kila jino limekata nyuzi fupi fupi za mshazari, unaotoka unakuwa kinyoya, hauwi ule mrefu wa kuvuta wenzake. Kiraka chake baada ya kufua mara tatu ndo hiki, kuna vinywele, kamba hakuna. Kizuri sana kwa kweli.

Shida yake iko kwenye vipimo. Robo inchi yako unaipima kutoka ncha ya jino au kutoka kwenye bonde? Mimi nilishona safu nzima nikipima kutoka bondeni na safu ya pili kutoka nchani, zikapishana. Pima kutoka ncha, siku zote ncha. Au fanya ninavyofanya saivi, mkasi wa meno nautumia kwenye kitambaa kizima kabla ya kukifua, ile mara ya kwanza ya kutoa rangi na ugumu, nakata kingo zote zigizaga, nafua, nikishakausha na kupiga pasi ndo nakata viraka kwa mkasi wa kawaida uliochongwa vizuri. Alafu nawaomba, huu mkasi usikate karatasi, na yule kaka wa baiskeli anayepita mtaani kunoa visu usimpe. Ni fundi mzuri wa visu, lakini jiwe lake ni la makali yaliyonyooka, akiyapitisha kwenye haya meno yameisha na mkasi umekufa.

Sasa wanga, na hapa mama zangu mtanicheka kwa kuchelewa kujua maana nyinyi mlikuwa mnatia wanga kwenye mashuka na kanzu toka zamani. Kijiko kimoja cha mezani cha wanga wa muhogo, koroga na maji ya baridi kidogo isiwe na madonge, mimina nusu lita ya maji yanayochemka huku unakoroga mpaka iwe kama uji mwepesi unaopitisha mwanga, chuja kwenye kitambaa. Chovya kitenge ulichokifua, kamua, anika, kikiwa bado na unyevu piga pasi. Jamani. Kinakuwa kama karatasi, unakata kimenyooka, hakitelezi, hakitoi uzi wakati unashona, na kona zinakutana. Kwa bei ya wanga hakuna kitu kinachoshinda hiki katika kukata. Lakini mjue ukifua unaondoka wote, kwaiyo unakulinda wakati wa kushona, haulindi mfarishi baada ya hapo. Na mfarishi ukiisha ufue kabla ya kuuweka kabatini, wanga unaita mende na wadudu wengine, watakula wanga pamoja na kitambaa.

Kitu ambacho kimenibadilisha kabisa ni hiki cha mwisho, na hakiuzwi.

Kule India, jimbo la Karnataka, kuna watu wanaitwa Wasiddi, asili yao ni Afrika huku kwetu, babu zao walivushwa Bahari ya Hindi miaka mingi iliyopita, wengi kama watumwa, wengine wakawa askari na mabaharia. Mama zao wanashona mifarishi wanaiita kawandi, kwa nguo kuukuu za nyumbani, mkono mtupu na sindano. Nilipoona picha zake nilishtuka maana ile mishono inakaa kama mtu unayemjua. Na wenyewe hawaanzii katikati kama mimi, wanaanzia konani, wanazunguka pembeni pembeni wanaingia ndani mpaka wanafika katikati, na kila kiraka kabla hakijashonwa ukingo wake unakunjwa kwenda ndani. Kila kimoja. Ukishonwa ule ukingo uliokatwa umezikwa, kuna kitambaa juu yake na kitambaa chini yake, unapofua, mikono yako haiufikii kabisa.

Nikakaa nikafikiri, mimi nimehangaika na gundi ya kugandisha uzi wa pembeni, kumbe wao hawamwachi yule uzi akae pembeni.

Nasogeza simu tena. Kiraka changu cha inchi 5, nakunja robo inchi, napitisha ukucha, upande wa pili, hivi, alafu kona hii imekuwa nene mikunjo miwili imekutana, nakata kidogo pembe ya ndani, kidogo tu. Pasi kidogo. Sasa ni inchi 4 na nusu, sawasawa na ambavyo kingebaki ukishona kwa cherehani kawaida, kwaiyo kukunja hakujakupotezea kitambaa. Nakilaza juu ya blanketi kuukuu ambalo chini yake kuna shuka, kingine nakipandisha juu ya ukingo wa hiki ili kifunike, napiga bandi za mkono, sindano inaingia na kutoka, kupita matabaka yote matatu, karibu kabisa na mkunjo. Mkunjo ukiwa mbali na bandi unafunuka, ukiwa karibu sana sindano inakata. Upana wa punje ya mchele hivi inatosha.

Wasiddi kwenye kona nne za nje wanaweka vitambaa vidogo vimekunjwa pembetatu, wanaviita phula, yaani maua. Nimeweka kwenye huu wa kwangu mdogo, mnaona hapa. Nimefua mara tatu kama wengine, nimefikicha, tafuteni uzi. Natembeza simu taratibu ukingo wote. Hakuna.

Ubaya wake upo. Unachukua muda, mimi huu wa mtoto nimeuchukua wiki tatu jioni jioni. Na jinzi usikunje, tabaka zinakuwa nene vidole vinauma na sindano ya cherehani inavunjika, jinzi ishone kawaida na uachie nusu inchi.

Ukiwa unashona kwa cherehani, na wengi wetu tuna hizi nyeusi za kukanyaga zinazoenda mbele tu hazina zigizaga, usijione umekosa. Mfarishi mshono wote uko ndani, hauhitaji ovaloki, ile mashine ya kuzungushia kingo, ukiacha robo inchi ya kweli na ukafupisha mshono. Zinazohesabu mishono kwa inchi weka 12, za milimita weka 2. Mimi ule ulioachia nilishona mishono mirefu kama ya kushikiza, na satini ile inateleza yenyewe, ilitoka taratibu kwenye kila tundu. Bandika teipu kwenye bamba la cherehani robo inchi kutoka sindano, usiamini upana wa kile kimguu kinachokandamiza, cha kwangu kinakaribia milimita saba. Na mshono ukiisha pigia pasi pande zote mbili za akiba, ile robo inchi uliyoiacha, zilale upande mmoja, usizifungue katikati, zikilala pamoja zinabebana.

Kwaiyo mimi saivi kwa vitenge, natia wanga, nakata, nakunja. Mkasi wa meno nabaki nao kwa kufua vitambaa vipya. Kichupa nimempa jirani anayeshona maua ya kubandika.

Na yule dada aliyeniandikia ana satini za harusi ya mama yake anataka azitie kwenye mfarishi, usizitupe mpenzi, zile ni kumbukumbu. Kata kubwa, inchi 5 na nusu ili uachie nusu inchi kila upande, chini yake weka kitambaa chepesi cha pamba cha ukubwa huohuo, shona vyote viwili kama kiraka kimoja, alafu kunja. Yule mtoto wa dada yangu nimemshonea mfarishi mwingine hivyo hivyo, na ile satini iliyong'aa nimeirudisha, iko hapa katikati, mnaiona.