Peugeot 504 ya mwaka 1976 inayouzwa Jinja: nimeikagua siku mbili

Kwa siku mbili nimekuwa nikichungulia chini ya Peugeot 504 ya mwaka 1976 iliyolala uani kwa mzee mmoja mjini Jinja, nikiwa na fundi bati kutoka Katwe, Kampala, niliyemlipia nauli ili mapenzi yangu ya tangu utotoni kwa gari hili yasiniponze. Mwenyewe anataka shilingi za Uganda milioni 7. Gari halijawashwa kwa miaka kumi na moja, na ni sehemu chache tu zisizohitaji kutengenezwa upya, kwa hiyo ninaeleza habari za gari ambalo sikuweza kuliendesha hata hatua moja.

Injini ilinifurahisha. Jioni ya kwanza tulichomoa plagi, tukamimina oili kidogo ndani ya kila silinda, tukaiacha ilale. Asubuhi ikazunguka kwa spana bila kukwama. Hata ingekwama nisingehangaika sana, kwa kuwa injini hii ya petroli ya sentimita za ujazo 1971 ina silivu (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zinazochomolewa, na zikilika unabadilisha seti nzima pamoja na pistoni bila kupeleka bloku kuchongwa. Hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni ya aluminiamu, na kwa jinsi rejeta ilivyojaa tope huenda injini iliwahi kuchemka, kwa hiyo ni lazima hedi ipimwe kama imepinda. Vipuri vya injini si vya kukatisha tamaa pia: Ufaransa iliacha kutengeneza 504 hizi za saluni mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuziunganisha kwa miaka mingi baadaye, na kwenye maduka ya Kisekka, soko la vipuri la Kampala, bado wapo wazee wanaokitambua kipande cha 504 kwa kukishika tu.

Bodi ndiyo iliyotunyamazisha. Kwa mbali rangi yake ya maziwa inapendeza, lakini fundi alipopitisha sumaku kwenye mbavu za chini, chini ya milango, ilishika hapa na kuteleza pale, ishara kwamba chini ya rangi mna puti nene badala ya bati. Kisha akachukua bisibisi, akaisukuma taratibu kwenye kizingiti cha mlango wa dereva. Ikazama hadi kwenye mpini, na magamba ya kutu yakamwagika kwenye nyasi kama makapi ya chai. Chanzo tulikiona tulipoinua zulia: gari hili lina dirisha la paa, mirija yake ya kutolea maji imeziba kwa majani ya mwembe, na mvua za miaka yote hiyo zimekuwa zikishuka ndani na kunywewa na zulia lililolala juu ya sakafu. Kutu imekula kutokea ndani, ambako hakuna aliyekuwa akiosha wala kutazama. Kibaya zaidi, imefika kwenye minara inayobeba shokomzoba za mbele, na mahali hapo hapavumilii kiraka cha kubahatisha, kwa sababu uzito wote wa mbele unaegemea hapo.

“Mzee,” fundi akaniambia huku akifuta bisibisi, “hapa hununui gari, unanunua kazi ya kuchomelea.”

Viti, waya na raba za madirisha ni gharama za kawaida, na sikuzihesabu kama kasoro. Karatasi nazihesabu. Namba ya chesi inalingana na logibuku (kadi ya umiliki wa gari), ya injini hailingani, na jina lililoandikwa ni la kaka yake muuzaji, ambaye ni marehemu. Bila barua za usimamizi wa mirathi hakuna mwenye mamlaka ya kuniuzia. Wala nisingeweza kuagiza 504 nyingine nzima kutoka nje ili niikate bati, kwa kuwa tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi.

Kama sakafu na minara ingekuwa mizima, ningelipa milioni 7 hata kama injini ingekuwa imekufa kabisa. Nilivyoikuta, nimemwambia mzee kwamba familia ikishapata barua za mirathi nitatoa milioni 2 na nusu, kwa ajili ya injini, giaboksi, vioo na milango miwili ya nyuma ambayo bado ina bati lake la kiwandani. Alinikaribisha chai, tukazungumzia mvua, na kuhusu bei hakunijibu neno.