Daktari wa macho Marekani: mwenye malipo ya kampuni, au asiye nayo?

Tuseme mama yako Marekani anahitaji sindano za jicho kwa sababu retina imechakaa kwa uzee. Majina ya madaktari yatafute Open Payments, tovuti ya serikali inayoonyesha malipo ya kampuni za dawa kwa madaktari, iliyotokana na sheria ya 2010.

Wa kwanza amelipwa na kampuni za dawa. Usimkimbie kabla ya kuona ni malipo ya nini. Fedha za utafiti mara nyingi hugharamia majaribio ya dawa. Chakula cha mchana kutoka kampuni ni kitu kidogo. Ada za kuhutubia na ushauri, mwaka baada ya mwaka kutoka kampuni ileile, hizo ndizo hunitia shaka.

Wa pili ana sifuri. Sawa, ila sifuri haisemi lolote kuhusu ustadi wake. Wala haionyeshi kwamba, kisheria, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hulipia dawa anayochoma kwa bei ya wastani pamoja na asilimia 6, hivyo dawa ghali humwachia zaidi.

Wote wawili waulize: kwa nini Lucentis, dawa ghali ya sindano hizo, si Avastin ya bei nafuu? Utafiti wa CATT wa 2011, uliolinganisha dawa hizo mbili, ulikuta uoni unakaribiana, ilhali dozi moja ilikuwa takriban dola 2,000 kwa Lucentis na 50 kwa Avastin. Sababu za kitabibu zinaweza kuwepo. Mimi ningebaki na anayezitaja bila kununa.