Pikipiki ya Kawasaki Ninja 400 au Yamaha R6 kwa anayeanza kuendesha?
Mi nasema chukua Ninja 400, kabisa. R6 ni mashine tamu sikatai, ila ina nguvu farasi zaidi ya 100 na 400 ina kama 45 tu, sasa we klachi yenyewe bado inakuchanganya, unapita kwenye tuta mkono unaozungusha mafuta kwenye usukani unashtuka kidogo, 400 itanguruma basi yameisha, R6 inachomoka na wewe, na ukizidi kung'ang'ania usukani ndo unazidi kuifungulia mafuta. Watu wanaumia hivyo jamani. Halafu kiti cha R6 kiko sentimita 85 toka chini, cha 400 kama 78, ukiwa mfupi unasimamia vidole kwenye foleni, miguu inatetemeka. 400 unakanyaga chini vizuri, ina kilo 168 hivi, hata ikilala unainyanyua mwenyewe.