Kununua albamu za wasanii wa kujitegemea ukiwa Bagamoyo: njia tano, kuanzia iliyo bora

Ukitaka albamu ya The Zawose Queens, kina dada wa ukoo wa Zawose wenye maskani hapa hapa Bagamoyo, usihangaike na kibanda cha kurushia nyimbo pale stendi. Albamu yao, Maisha, ilitoka 2024 kupitia Real World, lebo ya Uingereza iliyoanzishwa na Peter Gabriel, na inauzwa mtandaoni. Kazi nyingi nzuri za nchi hii ndivyo zilivyo: zinapigwa huku, duka liko kwingine, na mwenye laini ya Voda na bando la wiki anabaki kujiuliza atazinunuaje.

Njia zipo tano. Tumezipanga kwa kuangalia mambo matatu: hela kiasi gani inamfikia msanii, unabaki na faili lako au unakodi tu, na kulipa kunakusumbua kiasi gani ukiwa Tanzania.

1. Bandcamp

Hii ndiyo ya kwanza, na iliyo ya pili haiikaribii ila kwa sharti moja tutakalolisema. Bandcamp ilianza 2008. Ni duka: unalipa, unapakua faili, faili ni lako. Duka linakata asilimia 15 kwenye muziki wa faili na asilimia 10 kwenye vitu vya kushikika kama CD na fulana. Ukijumlisha na makato ya malipo, wenyewe Bandcamp wanasema wastani wa asilimia 82 ya ulicholipa humfikia msanii au lebo yake. Albamu ya dola 7, kwa kiwango cha Sh 2,600 kwa dola, ni kama Sh 18,200, na karibu Sh 15,000 zinavuka kwenda upande wa pili.

Zipo pia Ijumaa maalumu, Bandcamp Friday, zilizoanza Machi 2020, ambapo duka linaacha kabisa mgawo wake. Si kila mwezi, tarehe hutangazwa. Saa zinahesabiwa kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, hivyo kwetu siku hiyo huanza Ijumaa saa nne asubuhi (saa tano wakati wa kipupwe chao) na kwisha Jumamosi saa ile ile. Ukinunua Ijumaa alfajiri umewahi mno, na mgawo utakatwa kama kawaida. Albamu unazozitaka ziweke kwenye orodha ya matamanio, siku ikifika unazilipia kwa pamoja.

Malipo ni kwa kadi au PayPal, na hapa ndipo wengi wanapokwama. M-Pesa haiingii moja kwa moja. Unachohitaji ni kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya huduma yako ya pesa za simu, au kadi yako ya benki. Kadi ya benki ikikataa, mara nyingi tatizo si salio, ni kwamba manunuzi ya mtandaoni yamefungwa. Ingia kwenye programu ya benki au nenda dirishani uombe wayafungue. Kadi ya mtandaoni nayo hukataa kwa sababu nyingine: umeweka kiasi kile kile ulichokikokotoa kwa kiwango cha gazetini, wakati kadi inabadilisha fedha kwa kiwango chake na makato juu. Weka ziada ya Sh 2,000 au 3,000 kwa albamu moja. Angalia pia sarafu, kwa kuwa lebo za Uingereza huuza kwa pauni, na 7 ya pauni si 7 ya dola.

Ukinunua bila kufungua akaunti, kiungo cha kupakua kinakwenda kwenye barua pepe uliyoandika. Ukikosea herufi moja, albamu imekwenda kwa mtu mwingine au haijakwenda popote. Fungua akaunti kwanza. Kila ulichonunua kitakaa kwenye mkusanyiko wako, na ukipoteza simu unapakua tena bure.

Kuna albamu ambazo msanii kaandika utaje bei mwenyewe, hata sifuri. Usiandike sifuri kwa mazoea. Msanii hupewa upakuaji wa bure 200 tu kwa mwezi. Zikiisha, analipia yeye ili wewe upate bure. Weka hata dola 2.

2. Kwa msanii mwenyewe, simu kwa simu

Sharti lenyewe ni hili: kama msanii anaishi Tanzania na anauza mwenyewe, njia hii inapanda iwe ya kwanza. Bandcamp kwa kawaida huwalipa wauzaji kwa PayPal, na akaunti ya PayPal ya Tanzania inaweza kulipa lakini haipokei. Ndiyo maana ukurasa wa msanii wetu mara nyingi unashikwa na lebo ya Ulaya au rafiki aliye nje, na hela inapitia mikononi mwao kabla haijarudi Dunda au Majengo hapa mjini. Ukimtumia kwa simu, inafika leo, yote.

Mji huu una wapiga zeze, ilimba na marimba wengi kuliko unavyodhani, wengi wamepitia TaSUBa, ambayo wazee bado wanaiita Chuo cha Sanaa. Mtafute kwenye ukurasa wake wa Instagram au Facebook, na namba uichukue hapo, si kwenye maoni ya watu chini ya picha. Kabla ya kubonyeza namba ya siri, soma jina linalotokea. Likiwa halifanani na jina lake, uliza kwanza. Huenda ni la meneja au mkewe, huenda ni la tapeli. Kisha tuma na ya kutolea. Wengi hawana bei ya albamu kamili. Ukimwambia “Kaka, pole na kazi, nakutumia elfu kumi na tano ya albamu” hutakuwa umemdhalilisha.

Mwombe akutumie kwa Google Drive au Telegram. Ikiwa ni WhatsApp, aitume kama dokumenti, folda nzima ikiwa imefungwa zip (WhatsApp inabeba dokumenti ya hadi GB 2), si wimbo mmoja mmoja uliochukuliwa kwenye kundi la familia ambalo majina yote yameshageuka kuwa tarehe na namba. Mwombe na picha ya jalada, pamoja na majina ya waliopiga. Hayo ndiyo yanayopotea kwanza.

3. Kulipia kwa mwezi: Spotify, Apple Music, Boomplay

Kwa kusikiliza ni rahisi. Spotify ilifika kwetu 2021, na Boomplay huja tayari kwenye simu nyingi za TECNO, Infinix na itel. Lakini elewa unachonunua. Unakodi. Nyimbo ulizozishusha zinafunguka ndani ya programu tu, na mwezi usipolipia zinafungwa; albamu ikiondolewa na mwenye haki, inaondoka na kwako.

Kisha kuna namna hela inavyogawanywa. Ada yako haiendi kwa uliyemsikiliza. Inaingia kwenye chungu kimoja, na chungu kinagawanywa kwa hesabu ya mara ambazo nyimbo zote zimechezwa. Unaweza kumsikiliza mpiga zeze mmoja mwezi mzima, na sehemu kubwa ya ada yako ikaishia kwa nyota usiyemjua hata sura. Tangu 2024 Spotify imeongeza kizingiti: wimbo usiofikisha kuchezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Kwa msanii wa kujitegemea wa mji mdogo, huo ni ukuta.

Tumia huduma hizi kuonja. Ukishairudia albamu mara tatu, nenda namba 1 au 2.

4. YouTube na Audiomack

Ni za kugundulia, si za kununulia. Msanii wa YouTube kwa kawaida haanzi kugawiwa hela ya matangazo ya video zake mpaka awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka, na wengi hawajafika. Angalia kama chaneli ni ya msanii. Ikiwa ni ya mpita njia aliyepandisha kaseti nzima ya mtu, msanii hana chake hapo.

5. Mdundo

Ni tovuti ya kupakulia nyimbo: bure, ni MP3 halisi, na msanii aliyejisajili anapata mgawo wa matangazo. Ubaya ni kwamba faili hubeba tangazo, na ukurasa umepangwa kwa wimbo mmoja mmoja, albamu inavunjika. Bado ni bora mara mia kuliko kibanda cha kurushia nyimbo, ambako unalipa mia mbili na msanii hapati hata thumni.

CD na santuri kutoka nje hatuzipi namba. Nauli ya posta peke yake mara nyingi inazidi bei ya albamu, na santuri ikikaa kwenye kifurushi juani inapinda. CD inunue kwa mkono siku za tamasha la TaSUBa, kwa mwenye nayo.

Kutafuta cha kununua

Usianze na jina la wimbo, anza na lebo. Ukitaka singeli, fungua ukurasa wa Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mkusanyiko wao Sounds of Sisso wa 2017 ulitokana na studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam, na ndio uliofungua mlango kwa wasikilizaji wa nje. Kwa taarabu, ipo Siti of Unguja ya Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, iliyotoka 2020 kwa lebo ya On the Corner. Kwa ilimba iliyochanganywa na vyombo vya umeme, Uhamiaji ya Msafiri Zawose, lebo ya Soundway, 2017. Ukiwa kwenye ukurasa wa albamu uliyoipenda, chini ya jalada utaona picha ndogo ndogo za walioinunua. Bonyeza moja uone mtu huyo kanunua nini kingine. Njia hii huleta vitu ambavyo mapendekezo ya mashine hayavileti, kwa kuwa mtu mwenyewe kalipia.

Tafuta kwa tahajia zaidi ya moja. Lebo za Ulaya zimeandika tarab na taarab. Wagogo utawakuta kama Gogo. Marehemu Hukwe Zawose ana rekodi chini ya jina lake na nyingine chini ya majina ya vikundi, hivyo jaribu “Zawose” peke yake.

Kabla ya kulipa, hesabu nyimbo na dakika. Nyimbo nne zenye jumla ya dakika 14 si albamu hata jalada likiwa zuri vipi. Sikiliza wimbo wa tatu au wa nne badala ya ule wa kwanza uliowekwa kukuvuta. Na usikilize kwa waya masikioni: spika ya simu inameza sauti ya chini, na ngoma ya muheme ya Wagogo bila sauti ya chini inabaki mlio wa debe.

Faili gani, na MB ngapi

Bandcamp itakuuliza aina ya faili. Kwa albamu ya dakika 45, WAV (sauti isiyobanwa kabisa) ni kama MB 475, FLAC (iliyobanwa bila kupoteza sauti) kati ya 250 na 300, MP3 ya 320 (yaani kbps 320, kipimo cha ubora wa MP3) ni kama 108, na MP3 V0 (yenye kbps zinazopanda na kushuka) kati ya 80 na 90. Kusikiliza albamu hiyo moja kwa moja mtandaoni kwa kiwango cha kati cha kbps 160 kunakula kama MB 54, maana yake ukiisikiliza mara mbili umeshamaliza bando la kuimiliki.

Ushauri wetu: chukua MP3 ya 320 ya kusikiliza, na FLAC ya kuhifadhi siku ukiwa na Wi-Fi au bando la usiku. Kama unasikiliza kwa spika ya bluetooth ya elfu thelathini, tofauti ya FLAC na MP3 ya 320 hutaisikia. Bluetooth yenyewe inabana sauti upya.

Pakua kwa kivinjari, si kwa programu ya Bandcamp, kwa sababu programu haikupi faili. Albamu inakuja ikiwa zip. Mtandao ukikatika katikati, zip inakuja nusu na kukataa kufunguka, na watu hudhani wameibiwa. Linganisha ukubwa na ulioandikwa kwenye ukurasa. Ikiwa pungufu, ifute upakue tena. Kwenye Android, Files ya Google inafungua zip bila programu nyingine.

Kuhamishia kwenye flashi au kadi ya sabufa kuna mitego mitatu. Kadi za GB 64 na kuendelea huja na mfumo wa exFAT, na sabufa nyingi husoma FAT32 tu, hivyo tumia flashi ya GB 32 au chini. Sabufa nyingi hazisomi FLAC. Jaribu wimbo mmoja kabla hujajaza. Na nyingi hucheza nyimbo kwa mpangilio wa zilivyonakiliwa, si kwa majina, kwa hiyo ukizimwaga zote kwa mkupuo wimbo wa mwisho unaweza kuanza. Nakili mmoja mmoja, 01 kwanza. Bandcamp huanza jina la faili kwa msanii na albamu, na kwenye kioo kidogo cha redio ya gari nyimbo zote zinaonekana sawa; futa sehemu hiyo, ibaki namba na jina la wimbo.