Nililipia ramani ya shamba la kahawa Mbinga: ilichoona na ilichokosa

Naishi Dar, na nilitaka ekari tatu Mbinga nipande kahawa bila kumtegemea dalali kwa kila neno. Nikalipia huduma ya ramani, shilingi 150,000. Unawatumia alama za kona za shamba ulizopiga kwa simu, baada ya siku tano ripoti inaingia WhatsApp.

Dalali alikuwa na mashamba mawili. La kwanza alilisifia mno: bei poa, barabara mlangoni. Kumbe liko mita 870 tu juu ya usawa wa bahari! Kahawa aina ya arabika, inayopenda miinuko ya baridi, pale ni kujitafutia kesi. Joto ni kali, na ugonjwa wa kutu ya majani ungenimaliza kwa kununua dawa. La pili liko mita 1,420, mteremko wa kuhitaji makinga maji. Hapo hela yangu ilisharudi. Data yao ya mwinuko imegawa ardhi vipande vya mita 30 kwa 30, kila kipande na kipimo chake, kwa hiyo upande huo sina neno.

Udongo ndio umeniudhi. Shamba zima limepakwa kijani, "linafaa sana", pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu unapanda) 5.6. Nilipowabana ndipo wakasema data ya udongo ni ile ya bure ya dunia nzima, kila kipande mita 250 kwa 250. Piga hesabu: hizo ni zaidi ya ekari 15. Shamba langu halijazi hata robo ya kipande kimoja, halafu naandikiwa pH yenye desimali.

Nilipofika, jirani mmoja, mzee wa Kimatengo, alinipeleka kona ya chini. "Mwanangu, unayaona matete haya? Hapa ni pa magimbi." Tukachimba. Sentimita 80 tu, udongo ukageuka kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, maji yakaanza kuchuruzika. Mbuni unataka mizizi ishuke mita moja na nusu bila kukutana na maji yaliyotuama.

Nimelinunua, ila kona hiyo yenye maji, nusu ekari, nimeitoa kwenye hesabu. Kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, ni miche kama 320 imepungua. Muuzaji alishusha bei kidogo, kwa kununa.

Nawapa nyota tatu. Wangeandika ukubwa wa vipande kwenye ripoti yenyewe, ningewapa nne. Sampuli za udongo nilizipeleka maabara, majibu yametoka: pH 4.9. Sasa natafuta chokaa ya kupunguza uchachu.